Kirchner au Nolde: uanze na nani ukitaka kuona densi katika uchoraji wa Kijerumani

Densi ikizungumzwa katika ekspreshonizimu ya Ujerumani, yaani sanaa inayotanguliza hisia kuliko sura halisi ya vitu, majina mawili hayakosi: Ernst Ludwig Kirchner na Emil Nolde. Wote wawili walitumia rangi kali zisizofanana na rangi halisi ya kitu, walichora wacheza densi kwa miaka mingi, waliwahi kuwa katika kikundi kimoja, na kazi zao zilidhalilishwa hadharani na serikali ya Hitler. Ndiyo maana vitabu huwaweka ukurasa mmoja, na anayeanza hudhani kwamba akishamwona mmoja amewaona wote wawili.

Hawafanani. Kirchner anakuonyesha mwili unavyocheza: goti limekunjwa wapi, uzito umeegemea mguu gani, kiuno kimekatwa kwa upande upi. Nolde anakuonyesha kinachompata mtu densi ikishampanda kichwani. Kama wewe ni mchoraji, mcheza ngoma, mwalimu wa sanaa, au uko Ulaya kwa shughuli zako na umepata siku moja ya makumbusho, ni vizuri ujue unamfuata nani. Upande wangu nautaja mapema: kwa watu wengi, Kirchner kwanza. Lakini wapo ambao Kirchner hatawafaa, nao nitawafikia.

Walikotoka

Kirchner alizaliwa 1880. Alikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo mjini Dresden pale yeye na wenzake watatu, Erich Heckel, Karl Schmidt-Rottluff na Fritz Bleyl, walipoanzisha kikundi cha Die Brücke, yaani Daraja, tarehe 7 Juni 1905. Vijana hawa hawakutaka kuchora kama walimu wa vyuo vya sanaa walivyotaka. Katika vyuo hivyo modeli aliganda katika mkao mmoja kwa saa nyingi, na mwanafunzi alipewa muda wa kusawazisha kila kivuli. Vijana wa Brücke waliweka utaratibu wao: kila robo saa mkao unabadilika. Modeli wao mara nyingi walikuwa marafiki, wapenzi na watu wa jirani, na hawakuwa na mikao waliyofundishwa.

Jaribu mwenyewe uone kinachotokea. Ukiwa na dakika kumi na tano huwezi kuhangaika na kila kidole. Unakamata mstari wa mgongo, pembe ya kiwiko, nyonga iliyosogea, basi. Baada ya miezi kadhaa ya kazi hiyo mkono unazoea kuuona mwili kama mwendo, na umbo linabaki nyuma. Densi kwa Kirchner ilianzia hapo, kabla hata hajaketi mbele ya jukwaa.

Nolde ni mtu mwingine kabisa. Alizaliwa 1867 katika familia ya wakulima karibu na mpaka wa Denmark, jina lake la ukoo likiwa Hansen. Nolde ni jina la kijiji chake. Alijifunza kuchonga mbao mjini Flensburg. Brücke walimkaribisha 1906, na 1907 akaondoka. Alikuwa mkubwa kuliko wao kwa zaidi ya miaka kumi, mpenda upweke, na mtu wa dini kwa namna yake.

Mwili wa Kirchner

Anza na kazi ndogo. Ipo chapa ya mbao ya mwaka 1909 hivi inayoonyesha mcheza densi aliyeinua sketi yake jukwaani. Ni nyeusi na nyeupe tu. Katika chapa ya mbao unachokata kinabaki cheupe na unachoacha ndicho kinachoshika wino, kwa hiyo hakuna njia ya kati: mguu ama upo au haupo. Kirchner aliuacha ubao ujionyeshe, patasi ikakwaruza, pembe zikabaki kali. Mwili unasimama kwa pembe hizo. Wala haujarembwa. Mapaja ni mazito na kifundo cha mguu kimevunjika kwa mikato miwili mitatu, ila unaona kabisa mguu unaanza kwenda wapi.

Baadaye tazama mchongo wa mbao wa 1911 wa mwanamke anayecheza, uliopo Stedelijk Museum mjini Amsterdam. Umepakwa rangi, na alama za chombo zimeachwa bila kusuguliwa. Mwili umekunjwa magotini na kupindwa kiunoni, na hakuna upande mmoja wa kuutazamia, lazima uuzunguke. Mitindo hii hakuitoa hewani. Alikuwa akitembelea makumbusho ya mambo ya makabila mjini Dresden, ambako aliona boriti zilizochongwa kutoka Palau, visiwa vya Pasifiki vilivyokuwa koloni la Ujerumani, na vitu kutoka Kameruni. Alinakili pia picha za ukutani za mapango ya Ajanta, India, kutoka kitabuni. Nani alimpa ruhusa ya kuchukua, na walioviunda walipata nini, ni swali la haki na nitalirudia.

Mwaka 1911 kikundi kilihamia Berlin, na huko densi ikaingia nyumbani kwa Kirchner. Erna Schilling, aliyekuwa mwenzake hadi mwisho wa maisha yake, pamoja na dada yake Gerda walikuwa wacheza densi wa kumbi za usiku. Miili yao mirefu myembamba ndiyo iliyobadilisha mkono wake. Mistari ikawa ya haraka, yenye ncha, na wanawake unaowaona katika picha zake maarufu za mitaa ya Berlin za 1913 na 1914 wanatembea barabarani kama watu walio jukwaani.

Alipiga pia picha kwa kamera. Moja ya 1915 inamwonyesha rafiki yake, Hugo Biallowons, akicheza uchi katika studio ya Kirchner mtaa wa Körnerstrasse, Berlin, mguu mmoja juu, vitambaa na michongo vikiwa vimemzunguka. Mwaka uliofuata Biallowons aliuawa vitani. Picha hiyo inafafanua mengi: katika nyumba ile watu walicheza kweli, na mchoraji alikuwa mle ndani pamoja nao, hakuwa mtazamaji wa safu ya nyuma.

Halafu kuna kipindi cha pili, ambacho wengi hukiruka. Vita vilimvunja Kirchner kiakili, na 1917 akahamia milimani Davos, Uswisi. Mwanzoni mwa 1926 alirudi Dresden kwa matembezi na akaruhusiwa kukaa katika mazoezi ya Mary Wigman, mama wa densi mpya ya Kijerumani, aliyekuwa akitayarisha Densi ya Mauti na kundi lake. Alichora michoro mingi ya haraka, na kutokana nayo akatengeneza picha kubwa ya mafuta aliyoimaliza miaka miwili baadaye. Wachezaji wamegeuka mabapa ya rangi. Kila mmoja amekamata umbo lake, na nafasi kati yao nayo imechorwa kana kwamba inacheza. Baada ya hapo alifanya kazi ya miaka kadhaa kwa ajili ya ukumbi wa Museum Folkwang mjini Essen, mradi ambao haukutimia. Mabaki yake mojawapo ni picha ya 1932 inayoitwa Densi ya Rangi. Binafsi naona kipindi hiki kina baridi kidogo. Anayependa densi ya kisasa ya jukwaani, hata hivyo, atajifunza hapa zaidi ya kwingine kokote jinsi kundi linavyopangwa.

Mwili wa Nolde

Kwa Nolde, zipo picha mbili ambazo ukiziona umeshika kiini.

Ya kwanza ni Densi ya Kumzunguka Ndama wa Dhahabu, ya 1910, iliyopo Pinakothek der Moderne mjini Munich. Kisa unakijua, uwe umekisoma katika Kitabu cha Kutoka au umekisikia katika Sura ya Ta-Ha: Musa yuko mlimani, na watu huku chini wamejitengenezea sanamu. Wachoraji wa kale walipenda kukitumia kutoa onyo. Nolde hana habari na onyo. Ndama amesukumwa nyuma, na mbele yako wapo wanawake nusu uchi wanaruka, nywele zinapaa, vinywa na macho ni madoa tu. Njano imegongana na zambarau na nyekundu bila kitu cha kuzipatanisha. Rangi imepakwa nene, kwa haraka, na mahali pengine huwezi kusema mkono umeishia wapi na hewa imeanzia wapi.

Ya pili ni Wacheza Densi wa Mishumaa, ya 1912, iliyo mali ya wakfu wake huko Seebüll, kaskazini mwa Ujerumani. Wanawake wawili, vifua wazi, sketi nyepesi za mistari, wanacheza katikati ya mishumaa iliyosimamishwa sakafuni. Nyuma hakuna chumba. Kuna rangi ya moto tu, na ngozi zao zimechukua rangi hiyohiyo. Mwali wa mshumaa na mwili wa mtu vimekuwa kitu kimoja. Wigman na wenzake wangeweza kutumia miaka mizima wakitafuta hali hiyo jukwaani.

Hizi hazikutoka kichwani tu. Katika majira ya baridi ya 1910 kuingia 1911 Nolde alikuwa akikaa usiku baada ya usiku katika kumbi za starehe na majumba ya maigizo ya Berlin, akichora gizani kwa wino na rangi za maji. Mwaka 1913 alikwenda katika kiwanda cha uchapaji mjini Flensburg akatengeneza litografia za rangi, mojawapo ikiwa Mcheza Densi. Alichora juu ya jiwe kwa brashi iliyolowa, akaacha wino ujitawanye, kisha akabadilisha rangi kutoka nakala moja hadi nyingine. Hapa ndipo tofauti yao inapokaa wazi kabisa: Kirchner anakata, Nolde anamwaga.

Kuna kipimo rahisi. Simama mbele ya picha ya Kirchner, ujaribu kuuiga mkao na mwili wako. Mara nyingi utaweza, ingawa magoti yatalalamika. Utatambua kwamba bega lazima lishuke ili nyonga ipande. Fanya hivyo mbele ya Ndama wa Dhahabu na utaanguka, kwa sababu Nolde amechora sekunde ambayo hakuna mwili unaoweza kuikalia. Mtu anayetaka kujifunza kuchora mwili basi hana sababu ya kuanza kwa Nolde. Ataiga fujo bila kujua kilicho chini yake. Lakini mtu anayejiuliza rangi inaweza kubeba ngoma kiasi gani, Kirchner hatamjibu vya kutosha.

Jambo la Wigman nalo linawaunganisha kwa namna inayofurahisha. Nolde ndiye aliyemwelekeza kwa Rudolf von Laban, mwalimu aliyekuwa akitafuta densi isiyotegemea muziki, na 1913 Wigman akaenda kwake huko Ascona, Uswisi. Nolde alikuwa mlangoni mwa safari yake, na Kirchner alimchora alipokwisha kuwa bingwa.

Miili ya nani?

Sehemu hii hatuwezi kuipita haraka sisi wa upande huu wa dunia.

Katika studio ya Kirchner, Dresden, walikuwepo modeli weusi, Sam na Milly, watu ambao huenda walikuwa wasanii wa sarakasi au jukwaa. Wapo katika picha zake za rangi na za kamera za miaka ya 1910 na 1911. Picha ya Milly akiwa amelala ipo katika makumbusho ya Kunsthalle Bremen. Majina yao ya ukoo hayajulikani. Kirchner aliwachora kwa mkono uleule aliowachorea wengine, na hilo ni jambo. Lakini aliwaweka kati ya vinyago na vitambaa alivyovitengeneza kwa kuiga vya makoloni, kana kwamba nao ni sehemu ya mapambo. Ongeza Fränzi, mtoto wa Dresden aliyezaliwa 1900, ambaye wachoraji wa Brücke walimchora uchi akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Mwalimu anayetaka kuonyesha kazi hizi darasani achague kwa makini; michoro ya jukwaani na ya Wigman inatosha kabisa.

Nolde alikwenda mbali zaidi, kihalisi. Oktoba 1913 yeye na mkewe Ada walisafiri hadi Guinea Mpya ya Kijerumani, koloni katika Pasifiki, pamoja na msafara wa kitabibu wa Ofisi ya Makoloni ya Dola, ofisi ileile iliyokuwa ikisimamia Afrika Mashariki ya Kijerumani kutoka Berlin. Aliandika mwenyewe katika kumbukumbu zake jinsi alivyokuwa akiwachora wenyeji bastola ikiwa tayari pembeni yake, na Ada amesimama nyuma yake na bastola ya pili. Nadhani sentensi hiyo inasema mengi kuhusu uso wa mtu aliyechorwa kuliko ukurasa wowote wa uchambuzi. Cha ajabu ni kwamba Nolde huyohuyo aliandika kwa uchungu jinsi ukoloni unavyoharibu watu wale. Alisikitika huku akinufaika.

Mwaka 2021 makumbusho ya taifa ya sanaa ya Denmark na Stedelijk ya Amsterdam waliwaweka hawa wawili katika maonyesho mamoja kuhusu ekspreshonizimu na ukoloni, na mwishoni mwa mwaka huo Brücke-Museum ya Berlin nayo ikafungua maonyesho ya kujichunguza. Kwa hiyo, ukiingia leo katika makumbusho hayo ukiwa na maswali haya, wenyeji wako hawatashangaa.

Siasa

Serikali ya Hitler iliziondoa kazi zao katika makumbusho ya umma: 639 za Kirchner, 1,052 za Nolde. Hakuna msanii aliyepoteza nyingi kuliko Nolde. Baadhi ya kazi za wote wawili zilitundikwa katika maonyesho ya Munich ya 1937 yaliyoita sanaa hii upotovu. Kirchner, mgonjwa na aliyekata tamaa, alijiua karibu na Davos tarehe 15 Juni 1938.

Ukiishia hapo utadhani hadithi zao ni moja. Nolde alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi tangu 1934, mwenye chuki ya wazi dhidi ya Wayahudi, na aliendelea kuwabembeleza wakubwa wamkubali hata baada ya kudhalilishwa. Mwaka 1941 walimpiga marufuku ya kufanya kazi ya usanii, na baada ya vita marufuku hiyo ikageuzwa kuwa hadithi nzuri ya mteswaji. Maonyesho makubwa ya Berlin ya 2019 yaliivunja hadithi hiyo kwa barua na nyaraka zake mwenyewe. Mwaka huohuo picha zake zilizokuwa ofisini kwa Kansela Angela Merkel ziliondolewa na hazikurudishwa. Kila mtu aamue mwenyewe kama anaweza kutenga mkono na mtu. Mimi Ndama wa Dhahabu bado naitazama, ila siwezi tena kumsikiliza Nolde akijisimulia.

Kirchner naye usimwamini katika jambo moja, ingawa ni dogo kwa kulinganisha: tarehe. Alizirudisha kazi zake nyuma ili aonekane wa kwanza, na alirudia kupaka rangi turubai za zamani. Picha yake ya wacheza densi wawili wa Kiingereza jukwaani, iliyopo makumbusho ya Städel mjini Frankfurt, imebeba miaka miwili, 1909 na 1926. Kuanzia 1920 hata alijibunia mhakiki wa Kifaransa, Louis de Marsalle, akawa anajisifu kwa jina hilo. Kwa hiyo ukisoma sifa za Kirchner zilizoandikwa na bwana huyo, ujue unamsoma Kirchner.

Pa kuwaona

Berlin ndiko rahisi zaidi. Brücke-Museum, iliyofunguliwa 1967, iko Dahlem pembeni ya msitu. Ni ndogo, haichoshi, na inampa Kirchner pamoja na wenzake. Essen, Museum Folkwang, ni pazuri kwa kuwalinganisha wawili hawa katika jengo moja. Davos ina Kirchner Museum, ambayo jengo lake la sasa lilifunguliwa 1992, ila Uswisi ni ghali, na safari hiyo ni ya mtu aliyekwisha kumpenda.

Seebüll ni habari nyingine: nyumba na bustani ya Nolde mwenyewe, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Denmark, mbali na mji wowote mkubwa. Hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo angalia tarehe kabla ya kukata tiketi ya treni. Walioko Marekani wana Panama Girls ya Kirchner, wacheza densi waliopangwa mstari jukwaani, katika North Carolina Museum of Art mjini Raleigh, na MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ina chapa za wote wawili, ingawa za karatasi hazikai ukutani mwaka mzima.

Ukiwa huna safari yoyote, skrini itamtendea Kirchner haki kuliko Nolde. Chapa nyeusi na nyeupe hubaki na nguvu zake nyingi hata kwenye simu. Nyekundu ya Nolde kwenye simu ni nyekundu tu, kwani sehemu kubwa ya kazi hufanywa na unene wa rangi na ukubwa wa turubai mbele ya uso wako.

Kwa hiyo: anayechora, anayecheza, au anayefundisha, achukue Kirchner, aanze na chapa na michoro ya haraka ya kabla ya 1914, kisha aruke hadi michoro ya Wigman ya 1926. Anayetaka rangi, au anayeandaa mavazi na taa za jukwaa, aende kwa Nolde moja kwa moja, Munich kwanza kwa sababu inafikika, Seebüll baadaye. Wenzao waliobaki, kina Max Pechstein na Otto Mueller, wana densi na miili tele, lakini wangoje. Na atakayekutana na picha ya Otto Dix ya 1925 ya mcheza densi Anita Berber katika gauni jekundu, iliyopo Stuttgart, asiichanganye na hawa. Hapo ekspreshonizimu ilikuwa imeshapita, na Berber katika picha ile amesimama, hachezi.